Sheria ya Gauss haitabiri kesho, inabana leo: uzi wa geji na masharti yake

Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Hapa Tororo mvua imekatika mapema na umeme upo, nimeona niandike jambo ambalo nimekaa nalo moyoni tangu chuo.

Nafundisha fizikia na hesabu sekondari. Kila mwaka vijana wangu wa Senior 6 wanaikariri sheria ya Gauss, wanaitumia kupata uga wa umeme (msukumo ambao chaji ingeupata kila mahali) kuzunguka mpira wenye chaji, wanapata alama zao na kuondoka. Hakuna anayewaambia kwamba sheria hiyo haifanyi kazi moja na wenzake katika milinganyo ya Maxwell, ile inayoeleza umeme na sumaku. Mimi mwenyewe niliambiwa nikisoma shahada ya pili, tena kwa sentensi moja ubaoni, na ilinichukua karibu miaka miwili kuelewa nilichoambiwa. Sitaki mtu mwingine apoteze miaka hiyo.

Ninachotaka kusema ni hiki: uhuru wa geji (ruhusa ya kubadili namna ya kuandika bila kubadili kinachotokea) na masharti ya nadharia (hali inazozikataza) si mada mbili. Ukiukuta mmoja, mwingine yumo ndani ya nyumba hiyohiyo, hata kama hajatoka kukusalimu.

Nianzie Malaba, maana nimekulia mpakani na mama yangu alikuwa mfanyabiashara pale. Mwezi Mei 1987 Uganda ilibadili fedha: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya. Kufuta sifuri mbili hakumfanyi mtu kuwa tajiri wala fukara. Mshahara, bei ya sukari na deni la dukani vyote vinagawanywa kwa mia kwa pamoja, na kilo ya sukari inabaki kilo ya sukari. Lakini wakati uleule fedha zilizobadilishwa zilikatwa kodi ya asilimia 30. Mama akisimulia habari ya mwaka ule hazitaji sifuri kabisa. Anaitaja ile thelathini.

Mama hajasoma fizikia, lakini alichotenganisha ndicho tunachotenganisha sisi. Zile sifuri ni geji: namna ya kuandika. Ile thelathini ni fizikia: kitu kilichotokea kweli.

Sasa, mabadiliko yale yalifanyika nchi nzima kwa mpigo. Wewe fikiria kila mji umepewa ruhusa ya kufuta sifuri zake kwa siku yake. Mbale wafute mbili, Soroti tatu, Jinja wasifute. Biashara itaendelea tu, mradi katikati ya kila mji na jirani yake pawe na kibao cha viwango vya kubadilishia, na kila mji ukifuta sifuri vibao vyake vyote virekebishwe. Pawe pia na kibao kingine ndani ya mji wenyewe, kinachosema shilingi ya leo ni sawa na shilingi ngapi za kesho palepale. Vibao hivyo ndivyo tunavyoviita potenshali. Katika sumakuumeme viko vinne kila mahali: vitatu vya pande tatu za nafasi, na kimoja cha wakati.

Kibao kimoja peke yake hakina maana, kwa sababu mji ukiamua kufuta sifuri kitabadilika. Chenye maana ni mzunguko. Toka Tororo na fedha, pita Mbale, Soroti, Lira, Kampala, Jinja, urudi Tororo, ukibadilisha kila ulipofika. Zikirudi zimeongezeka au zimepungua, hiyo faida au hasara haifutwi na sifuri za mji wowote. Faida ya mzunguko mdogo unaofanyika ndani ya nafasi ndiyo uga wa sumaku. Faida ya mzunguko unaopita pia ndani ya wakati, mmoja akibadilisha leo kisha akasafiri na mwingine akisafiri kwanza kisha akabadilisha kesho, ndiyo uga wa umeme. Nimeona vitabu vingi vinarukia alama kabla ya mwanafunzi kupata picha hii, na ninaona ni hasara kubwa.

Sasa tufike penyewe.

Potenshali ina vijenzi vinne. Milinganyo ya Maxwell, ukiiandika kwa vijenzi hivyo, inabaki minne. Visivyojulikana vinne, milinganyo minne. Mwanafunzi mzuri atasema basi, mambo yametosha, nipe hali ya leo nikupe ya kesho. Hawezi! Mimi nina ruhusa ya kufuta sifuri kesho asubuhi popote nipendapo, na hakuna sheria ya maumbile inayoweza kuutabiri uamuzi wangu. Kama kesho ya kijenzi kimoja haitabiriki, basi milinganyo ile minne haitabiri mambo manne. Mmoja wao hautabiri.

Kama hautabiri, unafanya nini? Unabana leo.

Chukueni sheria ya Gauss mwiangalie upya. Inasema uga wa umeme unaotoka nje ya kila kijisehemu unalingana na chaji iliyomo ndani. Tafuteni wakati humo. Haumo. Mlinganyo wa Ampère na Maxwell unakwambia uga wa umeme utabadilikaje dakika ijayo. Wa Gauss hausemi chochote kuhusu dakika ijayo. Unakukataza kuanza na uga wowote unaojitakia. Ni sharti. Na ukilitimiza leo, kesho litatimia lenyewe, mradi chaji haiumbwi wala haipotei. Anayependa hesabu ajaribu: chukua mlinganyo wa Ampère na Maxwell, tafuta jumla inayotoka nje ya kijisehemu, kisha tumia uhifadhi wa chaji. Mistari mitatu inatosha.

Mwanahisabati Emmy Noether aliyathibitisha haya kwa upana wake mwaka 1918. Wengi tunaijua theoremu yake ya kwanza, ile ya ulinganifu (badiliko lisilogusa sheria zenyewe) na uhifadhi (kiasi kisichoongezeka wala kupungua). Ya pili iko katika makala hiyohiyo, na inasema: ulinganifu ukiweza kubadilishwa mahali kwa mahali, basi milinganyo ya mwendo haijitegemei yote, kuna uhusiano unaoifunga. Ningeombwa kuchagua moja ya kufundisha katika nadharia ya nyuga, ningechagua hiyo ya pili.

Karibuni kwa maswali.

Fundi redio, Lira

Mwalimu, mimi natengeneza redio na inveta. Kila siku mita yangu inapima volti. Unaniambia potenshali ni sifuri za kufuta tu?

Mleta uzi

Fundi, mita yako ina waya ngapi? Miwili. Hujawahi kupima volti ya mahali pamoja, umepima tofauti ya mahali pawili. Ukigusisha waya mweusi kwenye chasisi, umechagua wapi paitwe sifuri. Hata bwawa la Nalubaale pale Jinja ni hivyo. Mtambo unazungushwa na tofauti ya kimo kati ya maji ya juu na ya chini, haujali kama kimo unakipima kutoka baharini Mombasa au kutoka sakafu ya nyumba yako.

Ila hapo umehamisha sifuri kwa kiasi kilekile kila mahali. Hiyo ni kama 1987. Ulinganifu wa geji ni mpana zaidi: kila mahali na kila dakika pana uhuru wake. Ndiyo maana unazaa sharti kila mahali na kila dakika.

Mwanafunzi S6, Jinja

Shikamoo mwalimu. Hilo neno geji ni lile la reli?

Mleta uzi

Marahaba. Ndilo lilelile. Geji ya reli yetu kutoka Malaba ni milimita 1,000 na ya SGR ni 1,435. Ni kipimo mlichokubaliana kabla ya treni kupita. Katika fizikia lilianzia kwa Hermann Weyl mwaka 1918, kwa Kijerumani, likiwa na maana ya kusawazisha vipimo na mizani. Alidhani urefu wenyewe unaweza kupimwa kwa kipimo tofauti kila mahali. Einstein akamjibu kwamba ingekuwa hivyo, atomu mbili zilizopita njia tofauti zingetoa mwanga wa rangi tofauti, na hatuoni hivyo. Jibu lilikuwa sahihi. Weyl akarudi mwaka 1929 akiwa ameacha urefu na kushika fezi ya wimbi la elektroni, yaani wimbi limefika wapi katika kupanda na kushuka kwake. Mara hii ikakaa, lakini jina la kwanza likabaki.

Binti Kasese

Mwalimu, asante kwa uzi huu. Nasoma shahada ya pili na nimekwama kwenye njia ya mwanafizikia Dirac ya kushughulikia masharti ya nadharia. Naona masharti ya msingi, ya upili, daraja la kwanza, daraja la pili, na sijui ni kwa nini nagawanya hivyo. Mhadhiri wetu alisema "toeni mbili kwa kila sharti la daraja la kwanza" akaendelea mbele.

Mleta uzi

Dada, hapo ndipo nilipokwama mimi. Ngoja niende polepole.

Léon Rosenfeld alianza kuligusa jambo hili mwaka 1930. Peter Bergmann alilishika kule Syracuse kuanzia 1949, akitafuta njia ya kuifanya graviti iwe ya kikwanta, na Dirac alichapisha mfumo wake mwaka 1950. Wote walikutana na tatizo moja. Ukitoka kwenye Lagranjiani (fomula moja inayozaa milinganyo yote ya mwendo, iliyoandikwa kwa mahali na kasi) kwenda kwenye Hamiltoni (nishati, iliyoandikwa kwa mahali na momentamu), kila kijenzi kinatakiwa kiwe na momentamu yake, yaani mwenzake anayeshika nafasi ya kasi. Vijenzi vinne vya potenshali, momentamu nne, jumla nane kila mahali. Lakini kile kibao cha wakati hakina kasi yake popote ndani ya Lagranjiani. Momentamu yake ni sifuri, utake usitake. Hilo ndilo sharti la msingi, limezaliwa na namna tulivyoandika.

Sasa uliza: sharti hilo litabaki kweli kesho? Ukilazimisha libaki, linakutolea sharti jipya, nalo ni sheria ya Gauss. Hilo ni la upili. Uliza tena kwa Gauss: litabaki kweli? Litabaki lenyewe. Mnyororo umeishia hapo. Kwa hiyo msingi na upili ni habari ya nani alizaliwa kwanza tu, usiipe uzito mkubwa.

Daraja ndiyo habari nzito. Kila kitu katika mfumo wa Hamiltoni kinaweza kusukuma vingine: momentamu inasukuma mahali, nishati inasukuma wakati. Sharti nalo lina msukumo wake. Ukilisukuma sharti la Gauss, linafanya nini kwa potenshali? Linafuta sifuri! Linaleta badiliko la geji lenyewe. Siku nilipolifanya hesabu hilo kwa mkono wangu niliweka kalamu chini nikatoka nje kutembea. Yale niliyokuwa nimeyaona mawili, katazo la leo na uhuru wa kesho, yalikuwa kitu kimoja.

Sharti la daraja la kwanza ni lile ambalo msukumo wake hauvunji sharti lolote jingine. Ukilifuata, unabaki ndani ya hali zinazoruhusiwa, na kila unapofika ni hali ileile kwa maandishi mengine. Ndiyo maana linatoa mbili: moja kwa sababu limekubana, ya pili kwa sababu mwelekeo wake wa msukumo ni maandishi matupu. Nane ukitoa mbili, ukitoa mbili, zinabaki nne. Nne ni mahali na momentamu za vitu viwili. Hizo ni namna mbili za mwanga kutikisika, zile ambazo kioo cha miwani ya polaroidi kinaweza kuzichuja. Hamna ya tatu.

Daraja la pili ni tofauti. Mfunge mbuzi kwa kamba iliyokaza: umbali wake na kigingi haubadiliki, na mwendo wake kuelekea kigingi ni sifuri. Masharti hayo mawili yanagusana, ukisukuma kwa moja unavunja la pili. Hakuna uhuru wowote uliofichika hapo, kila moja linatoa moja tu. Mbuzi anabaki na njia moja, kuzunguka duara.

Binti Kasese

Moja kwa kubanwa, moja kwa maandishi matupu. Nimeandika hivyo kwenye daftari. Je, kama fotoni, chembe ya mwanga, ingekuwa na uzito?

Mleta uzi

Swali zuri sana hilo. Ukiongeza uzito kwenye Lagranjiani unaupoteza uhuru wa geji. Masharti yanabaki mawili, lakini sasa yanagusana kama ya mbuzi: ni ya daraja la pili. Nane ukitoa mbili ni sita, yaani namna tatu za kutikisika. Hivyo tofauti ya namna mbili na tatu si idadi ya masharti, ni daraja lake.

Mzee wa Arua

Nimesoma yote kwa makini, mwalimu, na nimefurahi kuyaona kwa Kiswahili. Lakini nina pingamizi. Aharonov na Bohm mwaka 1959 walionyesha kwamba elektroni inapita mahali pasipo na uga wa sumaku kabisa na bado inaathirika, kwa sababu potenshali ipo. Akira Tonomura na wenzake walilithibitisha mwaka 1986 kwa sumaku ya umbo la pete iliyofunikwa vizuri. Utasemaje potenshali ni sifuri za kufuta?

Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Pingamizi lina nguvu na sitalikwepa.

Rudi kwenye safari ya kuzunguka miji. Nilisema faida ya mzunguko *mdogo* ndiyo uga. Sasa fikiria kila mzunguko mdogo unaoweza kuufanya njiani hauna faida, ila katikati kabisa ya duara pana eneo lililofungwa ambalo hujaingia. Ukilizunguka lote, fedha zinarudi zimebadilika. Elektroni ya Aharonov na Bohm imefanya hivyo. Haikusoma kibao kimoja, imesoma jumla ya mzunguko mzima, na jumla hiyo haifutiki kwa geji.

Kwa hiyo narekebisha maneno yangu ya mwanzo, na nashukuru. Si kweli kwamba vya kweli ni nyuga tu. Vya kweli ni mizunguko yote, midogo na mikubwa. Potenshali imebeba habari hiyo pamoja na sifuri za ziada, na hatujapata njia nyepesi ya kuandika habari hiyo mahali kwa mahali bila kuchukua na sifuri hizo. Ndiyo bei tunayolipa.

Na Gauss naye ana jambo la namna hiyo. Ukizunguka ua wa nyumba na kupima uga unaotoka, utajua chaji iliyo ndani bila kufungua mlango. Maana yake huwezi kuweka elektroni mahali bila kuweka na uga wake unaofika mbali. Elektroni iliyo uchi haitimizi sharti. Dirac aliliandika jambo hilo mwaka 1955, jinsi ya kuivisha elektroni uga wake ili iwe kitu kisichojali geji.

Mzee wa Arua

Marahaba. Mizunguko yote, hapo nimeridhika.

Fundi redio, Lira

Nimesikia uga wa Higgs, ule unaozipa chembe uzito, "unavunja" ulinganifu wa geji. Kama ni maandishi tu, kinavunjwa nini?

Mleta uzi

Fundi, hilo ni swali la watu wazima. Shmuel Elitzur alithibitisha mwaka 1975 kwamba ulinganifu wa geji wa mahali kwa mahali hauwezi kuvunjika wenyewe. Neno "kuvunja" limezoeleka, lakini linapotosha. Hesabu ndiyo inasema kweli. Hesabu namna za kutikisika. Kabla: chembe nne za geji (zinazobeba nguvu) zisizo na uzito, mbilimbili, ni 8, ongeza vijenzi 4 vya uga wa Higgs, 12. Baada: W mbili na Z, chembe za nguvu hafifu ya nyuklia, kila moja tatu, ni 9, fotoni 2, chembe ya Higgs iliyotangazwa kwenye maabara ya CERN tarehe 4 Julai 2012, 1. Jumla 12. Hakuna kilichopotea. Vijenzi vitatu vimehamia kwenye W na Z vikawa namna yao ya tatu ya kutikisika.

Binti Kasese

Na graviti?

Mleta uzi

Graviti inastahili uzi wake, nitagusa tu. Metriki ya nafasi, ile inayosema umbali unapimwaje kila mahali, ina vijenzi 6, pamoja na momentamu zake ni 12 kwa jumla. Masharti ya daraja la kwanza ni 4 kila mahali, yanatoa 8, zinabaki 4. Tena namna mbili! Mawimbi ya graviti, yale ambayo mitambo ya LIGO ya Marekani iliyanasa tarehe 14 Septemba 2015, yana namna mbili za kutikisika kwa mujibu wa Einstein. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba mojawapo ya masharti hayo manne ni Hamiltoni yenyewe, ile inayosukuma wakati. Kama msukumo wa sharti ni maandishi matupu, na wakati unasukumwa na sharti, basi wakati ni nini? Mlinganyo wa graviti ya kikwanta wa Wheeler na DeWitt wa mwaka 1967 umeandikwa hivyo, hauna wakati ndani yake, na watu wanabishana mpaka leo.

Dada, ukitaka kuendelea mbele, karibu nasi kabisa pana taasisi ya fizikia ya msingi pale Kigali, ilianza 2018 ikishirikiana na kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, ambacho mwanafizikia Abdus Salam alikianzisha mwaka 1964. Salam huyo ndiye aliyemsimamia Ronald Shaw pale Cambridge, kijana aliyeandika kwenye tasnifu yake nadharia ileile ya Yang na Mills, akiwa peke yake, karibu wakati mmoja nao.

Mwanafunzi S6, Jinja

Mwalimu, Yang na Mills ni nini tena?

Mleta uzi

Ni mwaka 1954. Badala ya kila mji kufuta sifuri tu, kila mji una sarafu kadhaa na unaweza kuzichanganya: hizi ziitwe zile, nusu ya hizi ziitwe zile. Ukibadilisha kwa kuchanganya, mpangilio una maana. Mbale kwanza kisha Soroti si sawa na Soroti kwanza kisha Mbale. Ndiyo maana vibao vyenyewe vinabeba chaji, na sheria ya Gauss inapata kipande cha ziada chenye vibao ndani yake. Nguvu inayoshika protoni pamoja imeandikwa hivyo, na gluoni, chembe zinazoibeba nguvu hiyo, ziko nane. Kijana, nikuachie zoezi: kila gluoni ina vijenzi vinne kama fotoni, na masharti mawili ya daraja la kwanza. Namna za kutikisika ni ngapi kwa zote?

Mwanafunzi S6, Jinja

Nane mara nane ni 64, kwa sababu kila kijenzi kina momentamu. Masharti 16, kila moja linatoa mbili, 32. Zinabaki 32, nagawanya kwa mbili. 16.

Mleta uzi

Kumi na sita. Vizuri sana. Sasa rudia kwa gluoni yenye uzito, masharti yakiwa ya mbuzi, uniletee jibu kesho.